Vitabu Vinene kwa Watu Wafupi

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Nilikuwa kibandani napanga ndizi, na nilikuwa nimezipanga vizuri, ndipo Gesare akapiga simu. Gesare ni binti yangu. Anafanya kazi Homa Bay kwenye ofisi yenye feni. Akiniita "Baba" polepole, najua nimepatikana.

Hakuuliza afya. Hakuuliza ndizi. Ameuliza kama ni kweli ziwa letu lina kizibo chini, na kwamba kiliwekwa na Wajerumani.

Nikaweka ndizi chini. Nikauliza habari hizo kazitoa wapi. Kwa Nyamusi! Nyamusi ni mwanawe, mjukuu wangu, ana miaka minne na nusu na mdomo wa miaka arobaini. Tumemlea mimi na mke wangu, Mama Gesare, tangu akiwa wa miezi kumi. Jana mtoto amemweleza mamake kwa simu habari yote ya kizibo, akaongeza kwamba babu yake amewahi kukigusa kwa mkono. (Kwa mguu. Nilisema kwa mguu. Watoto hawasikilizi.)

Basi Gesare ameamua. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 20, anakuja hapa Sori kwa siku ya wazazi pale nasari. Wakifunga nusu muhula, anaondoka na Nyamusi. Si kutembea. Kuhama! Amepata nasari huko Homa Bay yenye chumba kizima cha vitabu. Huku kwetu, amesema, mtoto anasomewa hadithi ya sungura yuleyule tangu Januari, na akirudi nyumbani anajazwa uongo.

Uongo! Mimi! Mtu aliyeishi Mombasa, Mwanza na Dar! Aliyepanda meli tatu, ingawa moja ilikuwa imefungwa kamba!

Nikamwambia anipe siku hizo kumi na moja tu. Akifika atakuta mtoto amejaa ukweli mpaka unamwagika. Akasema tutaona, Baba. Mamake pia husema "tutaona" kabla ya kukataa.

Jioni Nyamusi amelala juu ya tumbo langu kama kawaida yake. Akauliza ndani kuna nini kinachonguruma. Nilikuwa na jibu tamu sana. Nikalimeza. Kuanzia kesho ni ukweli mtupu. Mtoto huyu haendi popote.


Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nasari. Nimeongea na Mwalimu Metrine. Mwanamke mdogo, lakini akisema "kaa", hata mbuzi wa jirani wanakaa. Kumbe naye ametoka kwa semina, na huko wamefundishwa kwamba watoto wadogo wasisomewe hadithi tu. Wasomewe na vitabu vya mambo ya kweli: wanyama, mbegu, mvua, mwili. Akasema mzazi yeyote mwenye kitabu cha namna hiyo akilete, atakikagua, kisha mzazi atakaribishwa kusoma.

Akanipa na masharti. Kiwe chembamba. Picha kubwa. Jambo moja kwa kila ukurasa. Na kihusu kitu ambacho mtoto anaweza kutoka nje akakitazama.

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Maskini Metrine. Amesoma sana lakini hajatembea. Kitabu chembamba kina ukweli mwembamba. Hilo halihitaji semina. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wengi.

Mchana nikaenda Rodi Kopany sokoni. Pale kuna Mkisii mwenzangu, Nyamweya, anauza vitabu vya mitumba katikati ya viatu. Akauliza mtoto ana umri gani. Nikasema minne na nusu. Akanipa kijitabu cha vifaranga, kurasa kumi, kinapepea kama tikiti ya basi. Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani. Nikaanza kupima mwenyewe kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Cha tisa ndicho! Magonjwa ya ng'ombe. Kurasa mia nne na kumi. Jalada gumu jekundu. Uzito wa jogoo aliyeshiba. Picha za rangi!

Nyamweya akasema, mzee, hicho ni cha daktari wa mifugo. Nikamjibu, vizuri sana, maana yake kimeshahakikishwa.


Jumatano, 11 Juni

Historia imeandikwa leo Sori.

Nilifika saa nne. Mwalimu Metrine alikuwa nyuma anaangalia uji. Alikuwa ameniambia nisubiri akague kitabu kwanza, lakini nikaona nisimsumbue mtu na moshi wake. Watoto ishirini na wawili kwenye mkeka. Nikafungua ukurasa wa themanini na moja. Ulimi wa ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo, mkubwa kama sahani, vidonda vyote vinaonekana.

Kimya! Hata kanisani wakati wa kupitisha sadaka sijaona kimya kama kile.

Nikasoma. Maneno mengine yalikuwa marefu, nikayaruka kama mtu anavyoruka matope. Kezia mdogo alifunika macho, akaacha vidole wazi kidogo. Wangwe, mtoto wa mvuvi, akauliza kama ng'ombe huyo bado anakamuliwa. Nikamwambia ukweli: kila siku, asubuhi na jioni. Nyamusi akawaambia wenzake kwamba huyo anayesoma ni sokoro wake. Sokoro ni babu kwa Kikisii. Alivyolitamka lile neno! Nilikaribia kusoma ukurasa mwingine mia.

Kisha uji ukaletwa. Uji wa maziwa. Hakuna aliyegusa kikombe. Watoto ishirini na wawili wanautazama tu.

Nikajua hiyo ni fikra nzito. Kitabu kimewaingia.


Alhamisi, 12 Juni

Saa moja asubuhi Mama Kezia amesimama mbele ya kibanda na dumu la maziwa, kifuniko wazi, ili kila apitaye aone halijapungua. Yeye ndiye muuza maziwa wa ufuo mzima. Akauliza, kwa sauti ya kuita mashua, ni mzee gani amewaambia watoto kwamba ng'ombe wake ana ukoma.

Nikamrekebisha. Nikasema si ukoma, ni miguu na midomo.

Hapo nilikosea. Wanunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wote walikuwa wanasikiliza.

Kumbe jana jioni nyumba kumi na nane watoto wamekataa chai. Kezia mwenyewe amemfungua ng'ombe wao mdomo kwa mwiko ili amkague ulimi. Ng'ombe akala mwiko. "Motari," Mama Kezia akasema, "mdomo mgonjwa hapa ni mmoja tu, na uko kwa uso wako!" Watu wakacheka. Mtu mmoja akanunua ndizi ili apate sababu ya kuendelea kusimama.

Lakini mimi si mtu wa kumwacha mwanamke na hasara. Nikayachukua maziwa yote. Nikayabeba mpaka nasari, nikasimama mlangoni, nikawaambia watoto watazame vizuri: babu anakunywa. Kikombe cha kwanza, safi. Cha pili. Wangwe akawa anahesabu. Kufikia cha sita wote walikuwa wamenizunguka, wanasubiri nianguke.

Sikuanguka. Nilikimbia tu. Choo cha nasari kiko mbali kuliko kinavyoonekana, na mlango wake umetengenezwa kwa watu wafupi. Nyuma yangu nikamsikia Kezia akitangaza kwa huzuni: hata babu wa Nyamusi ameshikwa.

Baadaye Mwalimu Metrine ameongea nami kupitia mlango huo huo. Amesema kitabu kinaweza kuwa cha kweli na bado kisiwe cha mtoto. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeinama. Ningekubali chochote.


Ijumaa, 13 Juni

Adui amejitokeza. Caleb! Mwenyekiti wa wazazi, karani mstaafu, mwenye kinu cha kusaga na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kudharau. Ameona nafasi yangu imelegea, akaleta kitabu chake cha sayari. Kimekaguliwa na Metrine. Kimepita.

Nikaenda kutazama. Nilisimama dirishani kama mtu anayepita tu, kwa muda wa saa nzima.

Mjanja yule! Hakusoma sana. Alionyesha picha moja moja, na kila sayari akampa mtoto mmoja iwe yake. Wangwe akapewa ile kubwa. Kezia yenye pete. Kila mmoja akasimama kuwa sayari, wakazunguka kiti kilichokuwa jua. Nyamusi wangu akapewa ya tisa, ile ndogo ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Alifurahi! Alizunguka kwa mbali huko peke yake, kwa adabu, mpaka akapitia nje na kurudi.

Na Mwalimu Metrine alikuwa anapiga makofi.

Sikuvumilia. Mimi nina simu, na simu yangu ina habari. Nikaingia nikasema, kwa upole wa msomi, kwamba kitabu cha Bwana Caleb ni cha zamani, siku hizi sayari ni nane. Ya tisa imeondolewa. Wataalamu walikaa kikao wakaiondoa.

Kweli tupu! Mara ya kwanza wiki hii!

Watoto wakageuka wote wakamtazama mwenye ya tisa.

Nyamusi alisimama pale mlangoni na mikono bado imenyooka. Akaniuliza kama waliokaa kikao walikuwa wameifikia. Nikasema hapana, wako hapa hapa duniani. Akauliza kama waliiambia kabla ya kuiondoa. Nikasema sidhani. Basi akalia. Si kelele. Kile kilio cha kimya, mdomo unatetemeka na mtu anaangalia viatu. Nimeumia. Sitaandika zaidi.

Halafu Caleb, mzee yule wa miwani miwili, akainama akamwambia ile ya tisa bado ipo pale pale ilipo, imebadilishwa jina la kundi tu, wala haijaenda popote. Na kwa kuwa kiti kinachoka, je, Nyamusi angependa kuwa jua?

Jua! Amempa jua! Mimi nimemnyang'anya sayari ndogo na Caleb amempa jua zima, mbele ya watu!

Wakati wa kutoka akaniambia, "Omera, ndugu yangu, wewe hii dunia moja tu hujaimaliza." Nilikosa jibu mpaka nikafika nyumbani. Jibu lilikuwa zuri sana, lakini hakuna aliyekuwepo ila kuku.


Jumamosi, 14 Juni. Sabato

Kanisani asubuhi. Mahubiri yalihusu ulimi. Mama Kezia alikohoa mara nne.

Mchana hatufanyi kazi wala biashara, lakini kutembea kutazama uumbaji kunaruhusiwa. Nilijaribu kubeba kitabu cha ng'ombe. Mama Gesare akasema Mungu aliumba ng'ombe wakiwa wazima, na akakiweka juu ya kabati. Nikatoka na Nyamusi mikono mitupu.

Tumekaa juu ya mashua iliyopinduliwa. Nyamusi alishika omena mmoja mkavu, akauliza ana meno mangapi. Nikasema kumi na sita. Akauliza, "Umehesabu, sokoro?"

Ni swali geni hili. Zamani alikuwa anasema "eee" na macho yanakuwa makubwa. Tangu yule ng'ombe na ile sayari, sasa ni umehesabu, umeona, nani alikuwepo. Nikasema kule Mwanza kila mtu anajua ni kumi na sita. Akamfungua omena mdomo kwa kijiti. Akavunjika kichwa. Hatukujua.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema sijui. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Lakini mtu mzima akianza kusema sijui, ataishia wapi? Nikamwonyesha ndege.

Tuliporudi, Mama Gesare alikuwa amepanga nguo ndogo za Nyamusi kitandani, akihesabu zipi zimembana. Hakusema ni za safari. Mimi pia sikuuliza. Nimekaa nje nikatazama njia.

Siku sita.


Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu Metrine ameniita. Nilijua nafukuzwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

Kumbe hapana! Amesema Ijumaa siku ya wazazi, mtu mmoja atawasomea watoto mbele ya wote, na ameamua niwe mimi. Nikamuuliza kama Caleb amekufa. Akasema Caleb mwenyewe ndiye amependekeza. Mtego! Nikakubali mara moja.

Amesema ananipa mimi kwa sababu watoto wakiniona wanakaa wenyewe bila kuitwa. Na anajua habari ya Gesare. Nyamusi amewaambia darasa zima kwamba anahamishwa na kwamba sokoro wake amenyamaza sana siku hizi. Amesema akitolewa Nyamusi, nusu ya maswali ya darasa yatahama naye.

Kisha akanipa kitabu. Nimekipima kwa mkono. Sikusikia kitu! Kurasa kumi na mbili. Kinahusu kiboko. Kila ukurasa picha moja na mstari mmoja. Kiboko anakula majani. Kiboko anazaa mtoto mmoja. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tano, na pale kumechorwa saa tano ndogo, za kuhesabu kwa kidole.

Akanifundisha na namna ya kusoma, mimi, mzee wa miaka sitini na moja. Fungua. Nyamaza kidogo. Waache watazame. Wakiuliza kitu usichokijua, sema "sijui, tuangalie", kisha muangalie pamoja. Amesema watoto wameshalizoea neno hilo, wanalisema kila siku.

Nimesema ndiyo, Mwalimu. Nimekitia mfuko wa shati. Kimeingia chote! Kitabu gani kinaingia mfuko wa shati?


Jumatano, 18 Juni

Nimefikiri siku mbili. Gesare atakaa mbele. Amezoea ofisi, amezoea mafaili. Akimwona babake ameshika kipeperushi cha kurasa kumi na mbili, atafungasha mtoto kabla sijafika kiboko wa pili. Macho ndiyo husoma kwanza.

Na hapo akili ya Mombasa ikafanya kazi.

Kiboko atavaa koti!

Nimekishusha kitabu cha ng'ombe kutoka juu ya kabati, nikakivua lile jalada jekundu. Nimekivua kiboko pini zake mbili, polepole, pini zenyewe nimezihifadhi kwa kiberiti ili Ijumaa jioni nimrudishie Metrine mzima. Nimeziweka kurasa zake ndani ya jalada. Tatizo, jalada lilibaki limelegea kama suruali ya mgonjwa. Kwa hiyo nimelijaza. Ukurasa wa kiboko, kurasa thelathini za ng'ombe za kushikilia unene, ukurasa wa kiboko, thelathini za ng'ombe. Nimeshona kwa uzi wa nyavu. Hapo pa kufungua kila kiboko nimekunja kona.

Kinapendeza! Kina uzito wa maana! Mama Gesare ameuliza nafanya nini. Nikasema elimu. Akasema, "Baba Gesare, muda wa kushona huo ungekisoma mara ishirini." Wanawake hawaelewi mambo ya jukwaa.


Ijumaa, 20 Juni

Naandika mapema jioni hii, mambo yakiwa bado mabichi.

Gesare alifika saa tatu na begi tupu. Niliona kwamba ni tupu kwa vile lilivyokuwa linacheza mkononi. Akanisalimia vizuri. Akamkumbatia mtoto. Akakaa mbele kabisa, begi miguuni.

Wazazi wamejaa. Mama Kezia na kanga mpya. Caleb na miwani yote miwili. Watoto mkekani. Nikaingia na kitabu kifuani kama mchungaji. Nikasikia mtu akisema "ei!" Macho husoma kwanza, nilijua mimi!

Nikatangaza: Kiboko. Nikafungua kona ya kwanza. Kiboko huyo, amesimama majini. Nikasoma mstari. Makofi. Nikamtazama Gesare. Ametabasamu!

Basi ningefuata zile kona. Lakini furaha ni mbaya. Nililamba kidole na kufungua kwa mbwembwe, kama nilivyoona mawakili wakifanya kule Mombasa. Nikageuzia watu bila kutazama, nikasema kwa sauti: na huyu hapa ndiye kiboko akifungua mdomo wake!

Hakuna makofi.

Ukurasa wa themanini na moja.

Kezia akapiga yowe. Wangwe akauliza kama na kiboko ameshikwa. Mama Kezia akasimama. Mimi bado sijaona. Nikatazama. Nikaona.

Mtu mdogo angekubali. Mimi nikasema huo ni ulimi wa kiboko, wakati wa kiangazi.

Na pale mkekani mtu akainuka. Nyamusi. Akasema, bila haraka, "Sokoro, huo ni wa ng'ombe. Ulituonyesha siku ile ya uji." Nikasema kule Mwanza viboko wana ndimi za namna hiyo. Akauliza, "Umeona?" Akaja mbele na viatu vyake vidogo, akakishika kitabu, akafungua kona hadi kona akitafuta. Kiboko. Ng'ombe, akaruka. Ng'ombe, akaruka. Kiboko mdomo wazi! Akauinua ukurasa juu kwa mikono miwili, ukatoka kwenye uzi, akawaonyesha watu wote. "Huyu ndiye. Ona meno."

Caleb alikuwa ametoa miwani, anafuta macho. Watu wamelala kwenye mabega ya wenzao. Mama Kezia! Mama Kezia alikuwa ananipigia makofi mimi!

Mtoto akaendelea mwenyewe. Hajui kusoma. Lakini Metrine amewahi kuwasomea kiboko huyo, na kila picha anaijua ilipo. Majani. Mtoto mmoja. Kwenye zile saa akahesabu kwa kidole mpaka tano. Nikasaidia kidogo, nikasema kwamba wa Sori wanakaa hata saa nzima. Hakunigeukia. Akahesabu tena kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, kama mtu anayempa mteja chenji.

Ndipo Gesare, kutoka pale mbele, akauliza kitu. Akauliza kama kiboko akilala huwa anaota.

Nyamusi akafikiri. Mimi jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na majibu manne. Nikafungua mdomo, na Mwalimu Metrine akanitazama tu, nikakaa.

Nyamusi akasema, "Sijui. Tuangalie." Akaanza kutafuta kwenye kitabu, ukurasa kwa ukurasa, ng'ombe na kiboko, mpaka mwisho. Hakupata. Akamwambia mamake kwamba humu hamna, tutafute kingine.

Gesare hakucheka. Alikuwa ameshika shavu.

Baadaye, chini ya upenu wa nasari, ameongea na Metrine muda mrefu. Nilijisogeza nikapanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa. Akaniita. Nikasema kabla hajasema. Nikasema kama ni kumchukua, basi anipe nusu saa nimtafutie ndizi zile anazopenda, ndogo, zenye ngozi nyembamba, na kwamba usiku hulala akishika sikio la mtu, huko Homa Bay atafutiwe sikio. Nikapangusa macho kwa shati. Vumbi la chaki.

Gesare akasema, "Baba, hebu nyamaza." Halafu akasema huko Homa Bay kuna chumba cha vitabu, lakini mtoto wa miaka minne anayesimama mbele ya watu wazima sitini na kuuliza "umeona?" hajamwona popote. Anabaki. Mpaka aingie darasa la kwanza. Sharti ni kwamba vitabu atachagua Mwalimu Metrine, vyembamba, na kila jioni mimi nisome na Nyamusi akague.

Anabaki!

Begi limeondoka na ndizi.


Jumapili, 22 Juni

Nimelala usingizi wa mfalme, sikio moja likiwa limeshikwa.

Nimefikiri kwa kina juu ya ushindi wa Ijumaa. Watu wanasema ni Nyamusi. Ndiyo, mtoto alisaidia. Lakini tuseme ukweli. Kingekuwa chembamba, angetafuta nini? Angeruka nini? Unene ndio uliomwonyesha akili. Nimemweleza Mama Gesare. Ameenda kulisha kuku.

Kiboko nimempeleka kwa Mwalimu Metrine na pini zake. Ukurasa mmoja umechanika, nimemwambia umezeeka. Amenipa karatasi: vitabu vitatu nikavitafute kwa Nyamweya wakati huu wa mapumziko. Mbegu inavyoota. Mvua inatoka wapi. Ndani ya tumbo kuna nini. Kurasa zisizidi ishirini. Hilo la mwisho amelipigia mstari, mara mbili.

Nimefika Rodi Kopany saa tano. Vyote vitatu vipo! Nyamweya akavipanga mkononi mwangu. Nikavitazama. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama kuna kitu chenye uzito. Akasema hapana. Akajaribu kusimama mbele ya kitu.

Sheria za ardhi. Kurasa mia tisa na sitini. Jalada la kijani, maandishi ya dhahabu. Nyamweya akasema hakina hata picha moja. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hakiwezi kumchanganya mtu. Akaomba nichukue hata kile cha mbegu. Mikono ilikuwa imejaa.

Nyamusi amenipokea njiani. Amekitazama kitabu, akazunguka upande wa pili akakitazama tena. Akauliza kama nimekisoma.

Nikamwambia mara mbili.